Kiungulia: Inua Kitanda Kabla ya Kumeza Kidonge

Mtu akifika mbele ya duka la dawa pale Birere, Goma, na kusema "nipe ya gastriti", ni mara chache aulizwe swali. Muuzaji anachukua mkasi, anakata vidonge viwili vya omeprazoli kwenye karatasi yake, na mara nyingi ule upande wenye tarehe ya kuisha muda ndio unaobaki dukani. Mnunuzi anameza kimoja hapohapo kwa sukre baridi, anaenda zake. Kesho kutwa amerudi. Miezi inapita, bado anarudi.

Mwongozo huu ni wa huyo mnunuzi, na wa yeyote anayeishi Goma na moto kifuani. Ninachoamini nakitanguliza: kiungulia cha wengi wetu hapa mjini kinatoka zaidi kwenye saa ya kula na namna ya kulala kuliko kwenye ukosefu wa dawa. Na dawa ya kuzima asidi, ingawa ni nzuri, ina upande wa pili ambao mkaaji wa Brussels hana sababu ya kuuwazia, lakini sisi tunaokunywa maji ya ziwa tunayo.

Tuanze na kujua unaumwa nini. Gastriti inayotajwa kila siku sokoni na kanisani hubeba maradhi mbalimbali. Kiungulia chenyewe huanzia chini ya kifua na kupanda kuelekea kooni. Huja baada ya mlo mkubwa, huzidi ukiinama kupuliza makala au ukijilaza, na huweza kuleta maji machachu mdomoni. Kidonda cha tumbo kina tabia nyingine: maumivu hukaa mahali pamoja, kwenye chembe cha moyo, hukutafuna ukiwa na njaa au hukuamsha usiku wa manane, na wakati mwingine chakula huyatuliza kwa muda. Wapo pia wanaojaa gesi na kushiba kwa matonge matatu, bila moto wowote. Na wapo wenye kiungulia wasiosikia moto kabisa, ila wanakohoa usiku au wanaamka na sauti inayokwaruza. Hao huzunguka na sirapu za kikohozi mwaka mzima.

Ndani ya mwili jambo lenyewe si gumu. Chakula hushuka kwa umio, na mwisho wa umio kuna msuli wa duara unaofunguka ukimeza na kujifunga baada ya hapo, kama mdomo wa gunia la makala unavyokazwa kwa kamba. Msuli ukilegea, au tumbo likiminywa kutoka chini, au ukilala kabla chakula hakijashuka, asidi hupanda. Tumbo lina utando mzito unaolikinga na asidi hiyo. Umio hauna kinga ya namna hiyo, ndiyo maana unaungua. Kwa wagonjwa wengi asidi si nyingi kupita kiasi. Iko tu mahali isipotakiwa. Ukilishika hilo, mengine yote hapa chini utayaelewa kwa urahisi: kazi ya kwanza ni kuizuia isipande, na kuizima ni kazi ya pili.

Mlo mmoja, tena wa usiku

Familia nyingi za Goma hula mlo mmoja wa kushiba kwa siku, nao ni wa usiku. Mama anarudi kutoka soko la Virunga giza likiingia, makala inawashwa, sombe inadai muda wake, bugali inasongwa saa mbili. Saa tatu watu wameshajifungia na kulala. Tangu vita vya mwishoni mwa Januari 2025 milango mingi inafungwa mapema zaidi. Tumbo lililoshinda tupu linapokea kwa dakika kumi chakula cha siku nzima, linatanuka, msuli unashindwa kujikaza, na mwenye tumbo yuko chali.

Madaktari hushauri saa tatu nzima zipite kati ya kula na kulala. Najua kwa wengi ushauri huo ni sawa na kumwambia mtu ahamie mtaa wa kitajiri wa Himbi. Basi fanya linalowezekana. Ugawe mlo huohuo mmoja: nusu usiku, nusu uifunike vizuri na uipashe moto hadi ichemke asubuhi. Kama chakula chote lazima kiliwe usiku, basi kula polepole, usinywe nusu bidoni ya maji juu yake, na baada ya kula kaa wima. Osha vyombo, simulia hadithi, tembea ndani ya kiwanja. Hata saa moja na nusu ya kukaa wima ni afadhali kuliko dakika kumi.

Mafuta ndiyo yanayochelewesha tumbo kumwaga chakula. Sombe iliyojaa mawese, sambaza za kukaanga, michopo ya mbuzi yenye mafuta na fromaji ya Masisi iliyoliwa kwa kipande kikubwa ni vyakula vya mchana kwa mwenye kiungulia, si vya saa mbili usiku. Usiku chukua lengalenga zenye mafuta kidogo, viazi vya kuchemsha, ndizi za kupika, maharagi yaliyoiva vizuri, sambaza za mchuzi mwepesi. Sombe ibaki ya Jumapili baada ya misa, ukiwa na mchana wote mbele yako.

Hapo lakini nakuomba tahadhari. Kuna karatasi za vyakula vya marufuku zinazopita mkono kwa mkono: usile nyanya, usile maharagi, usile machungwa, usile avoka, usile pilipili, usinywe kahawa. Mtu anazifuata zote, anabaki na bugali na chumvi, na baada ya miezi miwili amekonda kwa njaa, si kwa ugonjwa. Vyakula havimsumbui kila mtu kwa namna moja. Kahawa ya Kivu inamchoma mmoja na kumwacha jirani yake salama. Nyanya vilevile, marakuja vilevile, pilipili vilevile. Chukua daftari ya mtoto wa shule, kwa majuma mawili uandike ulichokula, saa uliyolala na saa moto ulipokuja. Kinachojirudia ndicho cha kupunguza. Visivyojirudia endelea navyo, kwa maana katika mji ambao chakula kinapanda bei kila barabara ikifungwa, kujinyima protini bure ni kosa.

Pombe haihitaji daftari. Hulegeza ule msuli, na bia huongeza gesi inayousukuma kutoka chini. Primus mbili na michopo kwenye nganda saa nne usiku, halafu kitandani: kiungulia ukiwa nacho, hicho ndicho kichocheo chake cha uhakika. Kasiksi nayo ni pombe, usidanganywe na ndizi zake. Kanyanga huunguza umio yenyewe kabla asidi haijafika. Sigara hulegeza msuli uleule na kupunguza mate, na mate ndiyo yanayosafisha asidi iliyopanda. Sukre za gesi ziache kwa muda, hasa wewe unayemezea dawa ya kiungulia kwa Fanta.

Kitambi ni habari nyingine. Goma kitambi bado ni dalili kwamba biashara inakwenda, na hakuna anayetaka kuambiwa akipunguze. Hata hivyo mafuta ya tumboni huminya mfuko wa chakula kutwa kucha. Kwa mtu mnene, kupungua kilo chache ni tiba yenye nguvu, na haina karatasi ya kukatwa kwa mkasi.

Mawe mawili chini ya kitanda

Hii ndiyo tiba ninayoipenda kuliko zote, labda kwa sababu mali yake imetapakaa mji mzima. Volkano ya Nyiragongo ilituachia mawe mwaka 1977, ikatuongezea mwaka 2002, na tena mwaka 2021. Tafuta mawili yaliyo bapa, yenye kimo cha sentimita 15 hadi 20, yaani karibu shubiri moja. Yaweke chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa. Kitanda kizima kiiname kuelekea miguuni. Jiwe la lava lina matundu na ukwaruzo, hivyo mguu wa kitanda hautelezi ovyo, lakini bado mwite seremala au chukua patasi mwenyewe uchimbe kishimo cha kuukalisha mguu, hasa kama mnalala watatu. Usiku wa kwanza utajihisi unaporomoka. Pigilia ubao miguuni. Baada ya juma moja hutakumbuka kwamba kimeinuliwa.

Mito miwili mitatu chini ya kichwa haifanyi kazi hiyo. Mto hukunja shingo na kukunja tumbo, na tumbo lililokunjwa husukuma asidi juu zaidi. Kinachotakiwa ni mwili kuinuka kuanzia kiunoni.

Unalala kwenye godoro chini, kwenye nyumba ya mbao au kwa ndugu waliokupokea? Jaza gunia nguo usizozivaa, lisawazishe, liingize chini ya godoro kuanzia kiunoni hadi kichwani, nene zaidi upande wa kichwa. Godoro kuukuu la sponji linaweza kukatwa mshazari na fundi likawa mwinuko mzuri.

Halafu lala ubavu wa kushoto. Ukilala kushoto, mfuko wa chakula unakuwa chini ya mahali umio unapoingia, na asidi inabaki huko. Ukilala kulia inageuka, asidi inakaa mlangoni. Haigharimu kitu, na wengi huona tofauti usiku uleule.

Mchana pia kuna la kufanya. Msukuma chukudu anayeteremka na kabichi za Kibumba huinama juu ya mti wake, kifua kikiminya tumbo. Mama anayebeba mzigo mgongoni kwa kamba ya paji la uso hutembea amejikunja. Siwezi kuwaambia waache kazi. Ninachosema ni kwamba mlo mkubwa usitangulie mzigo mkubwa. Kula kidogo kabla, kula vizuri baada ya kushusha. Mkanda wa suruali ulegezwe tundu moja, na kikwembe kifungwe chini ya kitovu, si juu ya tumbo. Ukiokota kitu, piga goti badala ya kukunja kiuno.

Woga na kukosa usingizi havitengenezi asidi mpya kwa wingi kama watu wanavyodhani, lakini hufanya umio uhisi zaidi. Kiasi kilekile cha asidi kinauma zaidi kwa mtu aliyesikia risasi usiku. Kwa hiyo mtu akikwambia kiungulia chake kilianza na vita, usimcheke.

Dawa nyingine zinazokuunguza

Kabla ya kuongeza kidonge, tazama vile unavyomeza tayari. Wabebaji na mafundi wengi wa mji huu huishi kwa diklofenaki, ibuprofeni au indosidi kwa ajili ya mgongo. Dawa hizo huchubua tumbo, huleta vidonda, na huweza kuvujisha damu kimyakimya. Mtu anameza diklofenaki asubuhi kwa mgongo na omeprazoli jioni kwa ajili ya diklofenaki. Kwa maumivu ya kawaida parasetamoli haina shida hiyo. Aspirini ya moyo iliyoandikwa na daktari usiiache mwenyewe; mwambie daktari una kiungulia.

Doksisiklini ni kesi yake peke yake. Kidonge hiki kikimezwa kikavu, au kwa funda moja la maji kisha mtu akalala, hukwama kwenye umio na kuutia kidonda. Maumivu huanza ghafla, kila kumeza kunachoma. Imeze ukiwa umesimama au umekaa, na glasi nzima ya maji, kisha usilale kwa nusu saa. Baadhi ya dawa za presha, kama nifedipini, hulegeza msuli wa umio. Usiziache, presha inaua haraka kuliko kiungulia, ila uliza kama kuna nyingine ya kubadilisha.

Asidi na kipindupindu

Mtu anayesoma kuhusu omeprazoli kwenye simu yake atakutana na maonyo mengi juu ya mifupa na vitamini. Goma onyo la kwanza ni kipindupindu.

Asidi ya tumbo haipo kwa ajili ya chakula tu. Huua vijidudu vingi tunavyovimeza, na kijidudu cha kipindupindu ni dhaifu mno mbele yake. Watafiti wa Maryland, Marekani, miaka ya 1960 na 1970, walilijua hilo kwa kuwanywesha vijidudu hivyo watu waliojitolea. Tumbo lilipokuwa na asidi yake, vijidudu vilihitajika kwa mabilioni ili mtu aharishe. Walipompa kwanza bikarbonati ya kuzima asidi, milioni moja ilitosha. Tangu hapo imejulikana kwamba mtu mwenye asidi kidogo huugua kipindupindu kwa urahisi zaidi, na pia huharisha zaidi kwa vijidudu vingine.

Na huu ni mji wa kipindupindu. Julai 1994 wakimbizi kutoka Rwanda waliingia kwa mamia ya maelfu juu ya ardhi ya lava isiyochimbika choo wala kaburi, na katika majuma machache makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa ugonjwa huo. Haujaondoka tangu wakati huo. Ndiyo sababu pale wanapotekea maji ziwani unamkuta kijana na sindano yake ya klorini, akidunga dozi ndani ya kila bidoni inayopita mbele yake. Ukiwa unatumia omeprazoli, usimkwepe kijana huyo hata kama foleni ni ndefu na maji yananukia. Subiri nusu saa kabla ya kunywa ili klorini ifanye kazi, au chemsha. Mboga mbichi na matunda osha kwa maji hayo. Ukiharisha maji meupe ya mfululizo ukiwa kwenye dawa hii, anza SRO (chumvi za kurudisha maji mwilini) palepale na uende kituo cha kutibu kipindupindu bila kusubiri asubuhi.

Sisemi usiitumie. Nasema isiwe ya kila siku kwa miaka bila sababu.

Kuitumia ipasavyo

Kwa kiungulia cha mara mojamoja, anza na dawa za kupoza asidi iliyokwisha kutoka, zile za kutafuna au sirapu nyeupe zenye alumini na magnesi. Zinafanya kazi ndani ya dakika chache, na kwisha baada ya saa moja au mbili. Magnesi huharisha, alumini hufunga choo. Mwenye ugonjwa wa figo asizitumie bila daktari. Zipo pia sirapu zenye alijineti, zinazotengeneza povu linaloelea juu ya chakula tumboni na kuizuia asidi isipande; ukizipata, zinywe baada ya mlo na kabla ya kulala.

Dawa hizi hushika dawa nyingine na kuzizuia kuingia mwilini: doksisiklini, siprofloksasini, vidonge vya chuma, na dolutegravir iliyomo katika dawa za VVU ambazo wengi wanatumia sasa. Dolutegravir imezwe saa mbili kabla ya dawa ya kupoza asidi, au saa sita baada yake. Mwenye kutumia atazanavir asianze omeprazoli kabla ya kuongea na kituo chake.

Bikarbonati ya jikoni inapoza kweli, lakini imejaa chumvi; mwenye presha, mwenye ugonjwa wa moyo na mjamzito waiache. Maziwa hupoza kwa nusu saa, kisha tumbo linatoa asidi zaidi.

Famotidini na simetidini hupunguza asidi kwa saa kadhaa na zinamfaa mtu wa kiungulia cha usiku. Ranitidini, iliyokuwa maarufu, iliondolewa kwenye soko la Marekani mwaka 2020 baada ya kukutwa na kemikali inayoshukiwa kuleta saratani. Ukiiona bado inauzwa, chukua nyingine.

Omeprazoli ni ya kiungulia kinachokuja mara mbili au zaidi kwa juma, au kilichokwisha kuchubua umio. Kipimo cha kawaida cha mtu mzima ni miligramu 20, mara moja kwa siku. Saa ya kuimeza ndiyo watu wengi wanayoikosea. Omeprazoli hufunga pampu za asidi zinazofanya kazi, na pampu hizo huamshwa na chakula. Imeze dakika 30 hadi 60 kabla ya kula. Vitabu vitakuambia kabla ya chakula cha asubuhi. Wewe ambaye asubuhi ni chai ya rangi tu na mlo wako uko saa mbili usiku, imeze saa moja usiku, wakati bugali inasubiri maji yachemke. Ikimezwa juu ya shibe, sehemu ya nguvu yake imepotea.

Haifanyi kazi kikamilifu siku ya kwanza. Ipe siku tatu hadi nne. Kwa hiyo vile vidonge viwili vya mkasi ni hela ya bure. Nunua dozi ya majuma manne kwa mara moja kama unaweza, karatasi nzima, yenye jina, namba ya toleo na tarehe. Ndani ya kapsuli kuna chembechembe zilizopakwa utando wa kuzilinda na asidi. Usizitafune wala kuzisaga. Anayeshindwa kumeza kapsuli anaweza kuifungua na kumeza chembe hizo kwa maji bila kuzivunja. Unyevu huziharibu, na karatasi iliyolala juani juu ya meza ya mchuuzi siiamini.

Majuma manne, mara nyingine manane. Kisha unaacha. Hapo ndipo wengi wanaponaswa: ukiacha ghafla, tumbo lililokuwa limezuiwa linaachia asidi kwa wingi kwa siku kadhaa, hata majuma mawili, na moto unarudi mkali kuliko ulivyokuwa. Mtu anasema ugonjwa haujapona, anarudi Birere. Si ugonjwa, ni kuacha. Punguza taratibu: siku moja unameza, siku moja unaruka, kwa majuma mawili, na siku za kuruka tumia sirapu. Mawe ya kitanda yabaki palepale. Moto ukirudi baada ya hapo, nenda kwa munganga. Wapo wanaohitaji dawa kwa muda mrefu, hasa waliokutwa na michubuko mikubwa au wanaotumia aspirini kila siku, na hao wasiache kwa sababu ya mwongozo huu.

Mama mjamzito hupata kiungulia kwa sababu homoni hulegeza msuli na mtoto huminya kutoka chini. Kwa kawaida huisha akijifungua. Milo midogo, kitanda kilichoinuka, ubavu wa kushoto, kisha dawa za kutafuna zenye kalisi. Udongo wa kutafuna unaouzwa sokoni hutuliza kidogo, lakini huleta minyoo, hufunga choo na huzuia chuma kuingia kwenye damu, na mjamzito anaihitaji damu hiyo. Mtoto mchanga anayecheua maziwa huku ananenepa hana ugonjwa. Mcheulishe, mshike wima baada ya kunyonya, usimpe dawa.

Usiku wa kwenda hospitali

Kutapika damu au matapishi yenye chembe nyeusi. Choo cheusi, kinachonata, chenye harufu kali, kwa mtu asiyetumia vidonge vya chuma. Maumivu ya kifua yanayominya, yanayokwenda mkono wa kushoto au taya, pamoja na jasho au kukosa pumzi: huo unaweza kuwa moyo, na moyo hauponi kwa sirapu nyeupe. Kwa hayo usingoje kupambazuke.

La polepole ndilo linaloniogopesha zaidi. Chakula kuanza kukwama, kwanza bugali, baadaye wali, mwisho uji, huku mtu anakonda. Ukanda wa mashariki mwa Afrika, kutoka Ethiopia kushuka hadi Malawi na Afrika Kusini, una saratani nyingi ya umio, na wagonjwa huletwa wakiwa wamechelewa kwa sababu kwa miezi waliambiwa ni gastriti. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliviorodhesha vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 kuwa huenda vinachangia saratani hiyo. Acha chai ipoe kidogo, hata asubuhi yenye baridi ya Goma. Anayekwamwa na chakula, anayekonda, anayetapika kila siku, mwenye upungufu wa damu, au aliyeanza kiungulia kwa mara ya kwanza baada ya miaka 55 anahitaji fibroskopi, yaani kuangaliwa umio na tumbo kwa kamera, si omeprazoli nyingine.

Hospitalini watakuambia pia upimwe bakteria ya pilori. Ndiyo inayoleta vidonda vingi vya tumbo, jambo ambalo Barry Marshall wa Australia alisaidia kulithibitisha mwaka 1984 kwa kuinywa mwenyewe. Yeye na mwenzake Robin Warren walipewa Nobel mwaka 2005. Lakini bakteria hii haileti kiungulia, na wengi wetu tunayo tangu utotoni. Kipimo cha damu hakitofautishi ya sasa na ya zamani; omba cha choo. Ukikutwa nayo na una kidonda, tiba ni viuavijasumu viwili pamoja na omeprazoli kwa siku 14, zote, bila kuruka.

Ili kipimo cha choo kisidanganye, acha omeprazoli majuma mawili kabla na viuavijasumu majuma manne kabla. Kwa fibroskopi, piga simu kwanza hospitali uulize kama mashine inafanya kazi siku hiyo na mtaalamu yupo. Usile tangu saa nne usiku, usinywe hata chai asubuhi. Beba karatasi tupu za dawa zote ulizomeza, pamoja na ile daftari. Nenda na mtu wa kukurudisha nyumbani, kwa sababu ukipewa dawa ya usingizi hutaruhusiwa kupanda pikipiki peke yako.